Nani Anaruhusiwa Kuchungulia Ndani ya Mashine?

Programu ya kompyuta ikikwama, wengi wetu tuna dawa mbili tu. Ya kwanza ni kubofya tena na tena kwa hasira. Ya pili ni kuzima na kuwasha. Ikikubali, tunashukuru Mungu na kuendelea na shughuli zetu, bila kujua kilichotokea.

Mtengeneza programu hana raha hiyo. Yeye lazima ajue. Kwa hiyo anaisimamisha programu katikati ya safari yake na kuiuliza swali moja: hivi sasa, mkononi umeshika nini? Swali hilo lina historia ndefu na ya kusisimua, na ndani yake kuna watu waliokufa. Ndiyo maana leo naiandika.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Prosesa ina vijisehemu vichache sana vya kushikia namba vinavyoitwa rejista. Usifikirie ile rejista ya mwalimu wa darasa. Mfikirie konda wa daladala. Noti kazibana katikati ya vidole, sarafu zinalia kiganjani, na kichwani anakumbuka nani hajalipa na nani anadai chenji. Fedha nyingi ziko kwenye droo pale kwa dereva, lakini hesabu ya dakika hii iko vidoleni mwake. Prosesa nayo iko hivyo hivyo. Kumbukumbu ya kompyuta ni kubwa kama droo, lakini kila namba inayojumlishwa au kulinganishwa hupitia kwanza kwenye rejista. Na kuna rejista moja ambayo kazi yake ni kukumbuka agizo linalofuata, yaani gari limefika kituo gani.

Sasa basi, chenji yako ikipotea, haikusaidii kwenda kukagua daftari la mwenye gari jioni. Unamwambia konda afungue kiganja papo hapo, gari likiwa limesimama. Kukagua rejista ni kumwambia konda afungue kiganja.

Historia ninayotaka kusimulia ni ya nani aliruhusiwa kutoa amri hiyo, na nani alikatazwa.

Zamani kila mtu aliona

Ajabu ni kwamba mwanzoni hakukuwa na siri. ENIAC, kompyuta iliyojengwa Philadelphia, Marekani, na kuonyeshwa kwa umma Februari 1946, ilijaza chumba kizima. Ilikuwa na sehemu 20 za kujumlishia, kila moja ikishika namba ya tarakimu 10. Hizo ndizo zilizofanya kazi ya rejista. Mbele ya kila moja kulikuwa na vitaa vidogo vya neoni, na ukijua kuvisoma unajua namba iliyomo.

Waliojua kuvisoma vizuri walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumbani kwa sababu mradi ulikuwa siri ya jeshi, wakajifunza mashine kwa kusoma michoro ya nyaya zake. Walipoingia, waliifahamu kuliko wengi. ENIAC ilikuwa na namna ya kuiendesha hatua moja moja badala ya kuiachia ikimbie. Hesabu ikitoka vibaya, wanairudisha mwanzo, wanaisogeza taratibu, na macho yako kwenye vitaa. Hapa sawa, hapa sawa, hapa si sawa. Wamempata mwizi.

Siku ya maonyesho, vitaa vilifunikwa na nusu za mipira ya tenisi ya mezani ili vionekane vizuri kwa wageni. Waandishi wa habari walipenda sana. Lakini kesi ya kweli ilikuwa imemalizika siku hiyo hiyo. Usiku uliotangulia, programu ya kukokotoa njia ya kombora ilikataa kusimama pale ilipotakiwa. Betty Snyder alilala na tatizo, akaamka na jibu: swichi moja tu ilikuwa imekosewa. Alikuja kuirekebisha, na onyesho likaenda vizuri. Jioni kukawa na karamu, na wanawake wale hawakualikwa. Ilichukua miongo kadhaa kabla majina yao hayajaanza kutajwa hadharani. Msomaji, hili liweke akilini: anayejua kusoma vitaa si lazima awe anayealikwa mezani.

Uingereza nayo ilikuwa na dirisha lake. Manchester, tarehe 21 Juni 1948, Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill waliendesha programu ya kwanza iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ya kielektroniki. Ilikuwa na maagizo 17 tu. Ilichukua dakika 52 kutafuta kigawo kikubwa kuliko vyote cha 262,144, mbali na namba yenyewe, ikatoa jibu 131,072. Unajua jibu lilitokea wapi? Kwenye kioo, kama doti na vistari vinavyong'aa. Mashine ilitunza namba zake kwa chaji za umeme kwenye mirija kama ile ya rada na runinga za zamani, na kioo cha kuonyeshea kiliweza kubadilishwa kionyeshe kumbukumbu, au rejista ya hesabu, au ile ya kuhesabia maagizo. Kwa hiyo jamaa walikaa mbele ya kioo wakitazama mawazo ya mashine yakicheza.

Kuchungulia kunapigwa marufuku

Mwaka mmoja baadaye, Mei 1949, Chuo Kikuu cha Cambridge kiliwasha EDSAC chini ya Maurice Wilkes. Hii haikuwa ya majaribio tu. Wanasayansi wa idara mbalimbali walipanga foleni kuitumia. Hapo ndipo binadamu alipogundua jambo ambalo hakulitarajia: kuandika programu sahihi ni kazi ngumu mno. Moja ya programu za mwanzo za Wilkes mwenyewe ilikuwa na maagizo 126, na ndani yake kulikuwa na makosa takriban 20. Baadaye Wilkes alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba siku moja, akiwa kwenye ngazi za jengo, alitambua kuwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itaishia kwenye kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Profesa mzima! Wanaosomea kompyuta leo na kulia usiku, jipeni moyo.

EDSAC nayo ilikuwa na vioo vya kuonyesha yaliyomo, na kitufe cha kuipeleka agizo moja baada ya jingine. Ukiwa na tatizo unakaa hapo, unabonyeza, unatazama, unabonyeza, unatazama. Waingereza waliita tabia hiyo kuchungulia, na wakaikataza. Sababu ilikuwa ya kiuchumi. Mashine ni moja, foleni ni ndefu, na wewe umekaa nusu saa ukitazama doti huku mashine inayoweza kufanya mamia ya hesabu kwa sekunde ikikungoja wewe ukune kichwa. Saa ya mashine ilikuwa ghali kuliko saa ya mtu.

Lakini ukimkataza mtu kuchungulia lazima umpe njia nyingine. Kijana mmoja wa hapo, Stanley Gill, alitafuta njia hiyo na kuiandikia makala mwaka 1951. Wazo lake lilikuwa hili: badala ya mtu kukaa akitazama programu, iandikwe programu ya pili ya kuitazama ya kwanza. Hii ya pili inachukua agizo moja, inalitekeleza, inachapa kwenye karatasi kilichotendeka, kisha inaenda kwa linalofuata. Mwenye programu anachukua karatasi yake na kwenda kuisoma nyumbani na chai yake. Programu ikifa kabisa, kulikuwa na programu nyingine ya kuchapa yaliyobaki kwenye kumbukumbu. Waliiita uchunguzi wa maiti, jina linalotumika mpaka leo.

Tazama kilichobadilika. Mwanzo ulimwona mgonjwa akiwa hai. Sasa unaletewa ripoti ya mochwari.

Miaka ya 1960 ikakoleza hali hiyo. Kwenye makampuni na vyuo vikubwa, kompyuta ilifungiwa chumba chenye kiyoyozi. Unakabidhi kadi zako dirishani, mwendeshaji anaziingiza, unarudi kesho. IBM ilipotangaza System/360 Aprili 1964, ilikuwa na rejista 16 za matumizi ya jumla, lakini mwandishi wa kawaida wa programu aliziona pale tu programu yake ilipokufa, zikiwa safu za herufi na namba juu ya rundo la karatasi. Kosa la herufi moja lingeweza kukugharimu siku nzima.

Dawa ya wadudu

Si kila mahali palikuwa hivyo. Chuo cha MIT, Marekani, kilipokea mwaka 1958 kompyuta ya transista iitwayo TX-0, na wanafunzi waliruhusiwa kujiandikisha na kukaa nayo peke yao, hata usiku wa manane. Jack Dennis na Thomas Stockham waliiandikia programu ya kusakia hitilafu, ile ambayo mafundi wa leo wanaiita dibaga. Unaandika kwenye taipu jina la sehemu unayotaka, mashine inakujibu kilichomo. Unakibadilisha papo hapo, unaendelea. Mtu na mashine wanazungumza.

Waliiita FLIT, jina la dawa maarufu ya kuulia wadudu enzi hizo, kwa sababu wahandisi walikuwa wamezoea kuita hitilafu wadudu. (Kuna nondo wa kweli aliyekutwa ndani ya kompyuta ya Harvard mwaka 1947 na kubandikwa kwenye daftari, lakini utani wenyewe ni wa zamani kuliko nondo huyo.) Ilipokuja kompyuta ya PDP-1 mwanzoni mwa miaka ya 1960, Alan Kotok akaandika dibaga yake na kuiita DDT. Ndiyo, kama ile dawa ya mbu.

Mzaha ule ulizaa utamaduni. Kwenye mfumo wa ITS uliotumika baadaye katika maabara za MIT, DDT ndiyo iliyokupokea ukiingia. Kila programu uliyoiendesha ilikuwa mikononi mwa dibaga. Ikikwama, hutafuti kifaa kingine, uko ndani tayari. Kuchungulia, kosa la pale Cambridge, hapa kulikuwa hali ya kawaida ya maisha. Mmoja wa waliokulia kazini humo ni Richard Stallman, na mwaka 1986 aliandika GDB, dibaga ya bure ambayo mpaka leo ukiiandikia "info registers" inakufungulia kiganja cha prosesa. Dibaga hiyo pamoja na maagizo yake viliwekwa huru kwa yeyote kusoma na kurekebisha. Sidhani kama ni bahati tu kwamba aliyelelewa mahali pa kuchungulia ndiye aliyepigania haki hiyo kwa wote.

Kompyuta za mezani nazo zilileta dirisha majumbani. Prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978 ilikuwa na rejista 14. Tim Paterson, aliyeandika mfumo uliokuja kuwa DOS, aliandika pia programu ndogo iitwayo DEBUG, na tangu IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa inakuja na mfumo wenyewe. Unaandika herufi "r" tu, rejista zote zinajipanga mbele yako: AX, BX, CX, DX na wenzao. Hata Windows XP zile zilizojaa kwenye vibanda vya intaneti miaka ya 2000 zilikuwa nayo, imejificha nyuma ya kioo cheusi, wakati sisi tukisoma barua pepe.

Hebu nieleze kidogo inavyofanya kazi, maana ni ujanja mzuri. Ukitaka programu isimame mahali fulani, dibaga inakwenda pale, inanyofoa baiti moja ya agizo halisi na kuweka namba 204. Prosesa za ukoo huo zikikuta 204 zinaelewa: simama, kabidhi usukani. Dibaga inakuonyesha rejista zilivyokuwa wakati huo, kisha inarudisha baiti ya awali kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni kama kuweka kizuizi cha polisi barabarani na kukiondoa gari likishakaguliwa. Prosesa ya 80386 ya mwaka 1985 ikaongeza rejista za kazi hiyo hiyo. Nne kati yake zinashika anwani, na mtu akigusa anwani hiyo mashine inapiga kelele yenyewe.

Malfunction 54

Mpaka hapo unaweza kudhani hii ni hadithi ya mafundi na vifaa vyao. Sasa twende hospitalini.

Therac-25 ilikuwa mashine ya mionzi ya kutibu saratani, iliyotengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada, AECL. Ilikuwa na njia mbili: elektroni, na eksirei. Kwa eksirei mashine hutoa mkondo mkali mno, ambao hupiga kwanza kizuizi cha chuma kabla ya kumfikia mgonjwa. Mkondo huo ukitoka bila kizuizi, ni balaa. Mashine za zamani zilikuwa na fyuzi na vizuizi vya umeme na chuma vya kuzuia hilo. Therac-25 iliviondoa vingi na kukabidhi ulinzi kwa programu, iliyoendeshwa na kompyuta ndogo ya PDP-11. Kati ya 1985 na 1987 watu sita, Marekani na Kanada, walipigwa na mionzi ya kupindukia. Baadhi yao walikufa kutokana nayo.

Machi 1986, huko Tyler, Texas, mwendeshaji mzoefu aliandika "x" badala ya "e". Aligundua, akarudi juu, akasahihisha haraka, akaanzisha tiba. Mashine ikasimama na kuandika "Malfunction 54". Hakukuwa na maelezo ya maana kwenye mwongozo. Alizoea mashine kulalamika, akabonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa alikuwa amepangiwa rad 180. Inakadiriwa alipata kati ya 16,500 na 25,000. Alikufa baada ya miezi mitano.

Wahandisi wa kampuni walikuja, wakajaribu, hawakuweza kulirudia kosa hilo. Mashine ikarudishwa kazini. Siku chache baadaye, Aprili 11, mwendeshaji yule yule, namba ile ile ya 54, mgonjwa mwingine. Huyu alifariki Mei 1.

Aliyepata ufumbuzi ni mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, akiwa na mwendeshaji. Hawakuwa na dibaga. Hawakuwa na maagizo ya programu. Hawakuweza kufungua rejista hata moja. Walichokuwa nacho ni kibodi na kumbukumbu ya vidole vya yule mwendeshaji. Wakakaa wakirudia kuandika na kusahihisha, tena na tena, mpaka wakajua siri: ni kasi. Sumaku za mashine zilihitaji sekunde kama 8 kujipanga, na ukisahihisha ndani ya muda huo programu haikuona mabadiliko yote. Wahandisi wa kampuni waliweza kulirudia kosa kwenye mashine yao baada tu ya Hager kuwaambia waandike haraka.

Hapa haraka haraka haikuwa na baraka kweli kweli. Lakini ona jambo la ndani zaidi. Kosa hilo liliishi ndani ya mwendo. Ungeisimamisha programu na kuisogeza hatua moja moja, sekunde 8 zingepita na kosa lingetoweka mbele ya macho yako. Mwaka 1985 mtaalamu Jim Gray alikuwa ameandika kuhusu hitilafu za namna hii, zinazokimbia ukizitazama, na kuziita Heisenbug. Konda akiona unamtazama, chenji inakuwa kamili. Kwa hiyo kiganja pekee hakitoshi. Mashine inatakiwa iache kumbukumbu ya nyayo zake pia.

Na mwezi Januari 1987, Yakima, jimbo la Washington, kosa jingine likaua. Hili lilikaa kwenye namba moja ya baiti moja. Programu iliiongeza 1 kila ilipozunguka. Ikiwa si sifuri, maana yake kagua kwanza. Baiti moja haiwezi kuzidi 255, kwa hiyo kila mzunguko wa 256 ilirudi sifuri. Mwendeshaji akibonyeza wakati huo huo, ukaguzi unarukwa. Mtu alikufa kwa sababu ya baiti moja iliyojaa, na hakuna aliyekuwa karibu naye aliyeweza kuiona.

Nancy Leveson na Clark Turner walichapisha uchunguzi wao wa kisa hiki mwaka 1993, na mpaka leo wanafunzi wanausoma. Kinachoumiza ni kwamba kasoro ya Tyler ilikuwemo pia kwenye mashine iliyotangulia, Therac-20. Kule fyuzi ziliungua na watu wakapona. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kiganja kifunguliwe

Leo saa ya mashine ni rahisi kuliko karanga. Sababu ya Cambridge ya kukataza kuchungulia imekufa. Simu ya Android ikiangushwa na programu, mara nyingine huandika ripoti yenye rejista za dakika ya mwisho. Lakini nani anaisoma ripoti hiyo? Mwenye simu wengi wetu hatujui kama ipo.

Afrika Mashariki tumelionja swali hili. Agosti 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe, bila mtu kuruhusiwa kubadilisha kitu. Tume haikutekeleza ipasavyo, na Septemba 1 mahakama ilipofuta matokeo ya urais, ilihesabu jambo hilo dhidi yake. Seva si rejista, lakini hoja ni ile ile: aliyekataa kufungua kiganja asidai tumwamini hesabu yake.

Mashine zinapima damu zetu, zinatukopesha na kutunyima mikopo, zinahesabu kura zetu. Si lazima kila mmoja wetu ajue kusoma AX na BX. Wale wanawake sita wa Philadelphia walikuwa wachache, na wametosha. Lakini lazima awepo mtu, asiyelipwa na mwenye mashine, mwenye haki ya kusema: simamisha gari, tuone mkononi una nini. Pale Tyler mtu huyo alikuwepo, ila alipewa kibodi tu. Wagonjwa wawili walishapigwa kabla hajafika kwenye jibu.